Nyumba Mpya Diani, na Upepo Je?

Ukivuka feri ya Likoni na kushika barabara ya Lunga Lunga, utapita Ukunda kabla ya kuteremka Diani, ambako familia nyingi za Nairobi zimenunua nyumba. Aghalabu mnunuzi huja likizo ya Desemba, kaskazi ikivuma, akauona mchanga mweupe akatoa pesa. Paa halitazami.

Mtihani huja na kusi. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia, watu wa Kwale walionywa juu ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Kilitua kisiwani Mafia, Tanzania, tarehe 4. Diani, digrii 4 tu kusini mwa ikweta, aghalabu husalimika kwa kuwa huku mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kukisokota kimbunga. Lakini Unguja si mbali, nayo mwaka 1872 ilipigwa hata mikarafuu ikang'oka.

Basi ewe mwenye nyumba mpya, anzia juu. Makuti yanapendeza na huleta ubaridi, ila hufungwa kwa kamba kwenye fito. Kamba ikioza, upepo hupenya ukingoni na kuyafunua. Mwite fundi wa papo hapo ayakague kabla ya Aprili. Mabati nayo yataka misumari iliyokaza, na mnazi ulioinamia nyumba uanguliwe nazi.

Ambaye hajalipia kiwanja, na ateremke kwanza hadi Msambweni. Wavuvi wakiishuku bahari, huzivuta ngalawa juu ya alama ya maji ya bamvua. Diani nimeona kuta za fahari zilizo karibu na maji kuliko ngalawa hizo. Muulize mzee wa kijiji bamvua hufika wapi, ndipo utoe pesa.