Tangi la Samaki Mbele ya Kiti cha Baba

Likizo iliyopita nilikuwa na kazi moja nyumbani Nzuguni ambayo si ya kitabu wala ya parokia: kupanga tangi la samaki la kioo, la kuunganisha wenyewe, litakalokaa sebuleni mbele ya kiti cha Baba.

Baba alipata kiharusi mwaka juzi. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa barabara ya Singida na Shinyanga, na sasa siku nzima anatazama ukuta kwa sababu televisheni inamchosha. Mtaalamu wa mazoezi alituambia mkono wa kulia upewe kazi ndogo ndogo kila siku, hasa ya kubana kitu kwa kidole gumba na cha shahada. Mdogo wangu, aliye kidato cha pili, ndiye aliyesema kwamba kulisha samaki ni kubana. Sikuwa na la kuongeza.

Mama alikuwa nalo. "Frateri," aliniambia (ananiita hivyo akitaka kunikumbusha kwamba nimesomeshwa), "maji ya samaki na maji ya ugali yanatoka ndoo ipi?"

Kwa mtu wa Dodoma swali hilo si mzaha. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na kwa miaka mingi mji umetegemea visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora. Mtaani kwetu bomba hutoka kwa zamu, na siku ya zamu kila chombo chenye mdomo hujazwa. Papa Fransisko katika Laudato Si' ya mwaka 2015 anayataja maji salama ya kunywa kuwa haki ya msingi ya kila mtu. Samaki wa mapambo hawamo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo tulishika kalamu kabla ya kwenda kwa fundi wa vioo.

Tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30, likijazwa hadi sentimita 27, linachukua lita 45 hivi. Ni ndoo mbili kubwa na robo. Hiyo ni mara moja tu. Kila wiki robo ya maji hutolewa na kubadilishwa, yaani lita 11, na hapo ndipo tulipompata Mama, kwa sababu maji yanayotolewa si machafu ya kumwaga. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo ni mbolea. Mchicha wa Mama nyuma ya jiko humwagiliwa kila jioni. Sasa lita 11 kati ya hizo zitapita kwanza kwa samaki. Alifikiri kidogo akasema basi mfunike juu, upepo wa hapa hunywa maji kuliko ng'ombe. Ni kweli. Kati ya Juni na Agosti hewa yetu ni kavu mno, na maji yakiruka chumvichumvi hubaki, kwa hiyo tangi lisilo na mfuniko huzidi kuwa gumu kila ukiongeza maji.

Vioo ni vya milimita 6. Sakafu, mbele na nyuma ni 60 kwa 30. Mbavu mbili ni 28.8 kwa 30, kwa sababu zinaingia katikati ya kile cha mbele na cha nyuma, na unene wa vioo viwili ni milimita 12. Fundi wetu alicheka alipoona desimali, lakini alikata. Silikoni iwe ile inayonuka siki inapokauka, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ikae siku saba, kisha tangi lijazwe uani siku nzima kuangalia kama linavuja. (Maji ya jaribio yameshaahidiwa mpapai.)

Uzito watu huusahau. Lita 45 ni kilo 45, vioo karibu kilo 11, weka mchanga na mawe, unafika kilo 70. Meza ya televisheni hapana! Tumepanga nguzo mbili za matofali ya saruji na ubao mnene juu yake, ukapimwa kwa pimamaji, na kipande cha stairofomu chini ya kioo. Kimo tulikipata kwa kumkalisha Baba kitini na kuweka alama ya chaki ukutani macho yake yanapofika. Mchanga ni wa korongo, uoshwe hadi maji yatoke meupe. Mawe ni granaiti ya vilima vyetu hivi hivi, ambayo haibadilishi maji. Kasri za plastiki nimezikataa, ingawa mdogo wangu bado ananung'unika.

Chujio ni la sponji, linalosukumwa na pampu ndogo ya hewa ya wati chache. Umeme ukikatika, tutachota maji kwa kikombe na kuyarudisha kutoka juu ili yapate hewa, na siku hiyo samaki hawalishwi.

Kuhusu samaki wenyewe, perege wa Mtera tunamjua mkaangoni na ni mkubwa mno. Samaki wa dhahabu huuzwa mdogo kama kidole, lakini hukua na kuchafua sana. Lita 45 ni gereza kwake. Tumechagua gapi sita, madume watupu, maana wakichanganyika na majike, baada ya miezi michache hutajua uwapeleke wapi. Kuwamwaga bwawani Hombolo ni marufuku nyumbani kwetu. Tunajua sangara alivyofanya Ziwa Viktoria. Gapi anapenda maji magumu, na maji yetu ni magumu: tazama utando mweupe ndani ya birika lolote la Dodoma.

Nikiwa nasoma habari hizi nilikutana na samaki wa jamii ya Nothobranchius, wanaoishi katika madimbwi ya msimu, pamoja na yale ya nyanda zetu za kati. Dimbwi linapokauka wote hufa, lakini mayai hubaki ndani ya tope kavu kwa miezi, na mvua ikija huanguliwa. Nilimsomea Baba. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, neno moja moja, kwamba utotoni waliwaita samaki wa mvua, na waliamini huanguka kutoka mawinguni. Wiki ile hakuwa amesema sentensi ndefu kama hiyo.

Tangi likijazwa, litakaa wiki nne hadi sita bila samaki, likitiwa chembe za chakula ili bakteria waote. Maji ya bomba hukaa kwanza wazi kwenye ndoo siku nzima ili klorini itoke. Mimi nitakuwa seminarini; mdogo wangu ana daftari na tarehe. Baba ameuliza mara mbili kwa nini tunalisha tangi tupu.

Yeye anataka pia, siku za mbele, wale samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono. Frateri mwenzangu wa Kigoma ameahidi kuleta magamba hayo baada ya Krismasi. Nimemsihi ahakikishe konokono wameshahama.