Siku Tulipouza Kamera ya Baba Watoto

Katika nyumba yetu hapa Saza lipo kabati moja la mninga ambalo watoto wetu walikatazwa kuligusa tangu walipojifunza kutembea. Upande wa kulia tuliweka nguo za ibada. Upande wa kushoto ilikaa kamera, na flashi yake, na stendi ya miguu mitatu, na begi jeusi la ngozi lililokuwa limeanza kubanduka pembeni. Mwaka 2023 tuliuuza upande ule wa kushoto. Tunawaandikieni akina mama wenzetu jinsi ilivyokuwa, maana karibu kila nyumba ina kitu cha namna hiyo, kilichowahi kulisha watoto na sasa kimekaa tu.

Sisi ni mume na mke. Mmoja wetu ni muuguzi, ndiye anayeandika. Mwingine ni mpiga picha. Tulifunga ndoa mwaka 2000, tukahamia Saza mwaka 2003. Wakati huo Saza ilikuwa katika Wilaya ya Chunya, Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016. Wageni wakisikia Songwe huwaza Tunduma, malori na mpaka wa Zambia, lakini huku kwetu ni nchi ya dhahabu. Waingereza walichimba hapa, na mgodi wao wa Saza ukafungwa katika miaka ya 1950. Wachimbaji wadogo waliendelea, na mwaka 2012 mgodi mkubwa wa New Luika ukaanza kutoa dhahabu jirani yetu.

Palipo na wachimbaji pana kazi ya picha. Kijana ametoka Usukuma au Tabora, ameshinda shimoni miezi, siku akipata kidogo ananunua shati jipya na kuja kupigwa picha ya kupeleka kwao, ili mama yake aone kwamba yu hai. Wengine waliazima shati la baba watoto. Kuna shati moja la bluu ambalo bila shaka limefika mikoa mingi kuliko sisi wenyewe.

Kamera yetu ya kwanza ilikuwa Yashica ya mkanda. Mkanda wa picha 36 ulipaswa kwisha kwanza ndipo upelekwe Mbeya kusafishwa, kwa hiyo picha za harusi ya Jumamosi zingeweza kungoja wiki tatu. Kipaimara kimoja tulirudisha fedha yote, kwa sababu mkanda haukushika meno ndani ya kamera. Baba watoto alizunguka siku nzima akipiga, akihesabu, akiwapanga wazazi na wasimamizi, kumbe anapiga hewa. Jioni ile hakula.

Mwaka 2013 tukanunua Canon 1100D ya dijitali, iliyokwisha kutumika, kwa shilingi 750,000 huko Mbeya. Nusu ya fedha hiyo ilitoka katika malimbikizo ya mshahara wa muuguzi. Tunalitaja hili kwa sababu baadaye lilituletea maneno.

Kwa miaka michache kamera ile ilitulipa. Harusi, sendofu, ubatizo, mahafali ya darasa la saba, paspoti saizi za kila fomu. Kisha simu za kupangusa zikaingia hadi mashimoni. Mchimbaji akawa anajipiga mwenyewe na kumtumia mama yake papo hapo, na shati la bluu likabaki kwenye hanga. Picha ya kitambulisho cha taifa nayo hupigwa na mashine ya ofisi yenyewe. Hayakutupata sisi peke yetu. Kodak, ambao mikanda yao tuliinunua miaka yote, waliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai mwaka 2012 huko Marekani. Viwanda vikubwa vya kamera, vingi vya Japani, vilipeleka sokoni kamera za dijitali zaidi ya milioni 120 mwaka 2010. Mwaka 2021 hazikufika milioni 9. Lakini mtu aliyekosa wateja wikiendi nne mfululizo hafarijiwi na habari za Japani.

Basi mwaka 2023 binti yetu akachaguliwa kwenda chuo cha uuguzi. Awamu ya kwanza ya ada pamoja na mahitaji ilikuwa shilingi 700,000. Mkononi tulikuwa na 350,000.

"Baba watoto, tuuze kamera."

Akanyamaza. Halafu akasema, "Mbona hatuuzi cherehani yako?"

Cherehani inashona kila wiki, tukajibizana. Ndipo yakaja yale ya malimbikizo ya mshahara, nani alitoa kiasi gani mwaka 2013, na maneno mengine ambayo hayafai kuandikwa katika gazeti la familia. Asubuhi alifungua kabati mwenyewe, akaitoa kamera, akaifuta kwa kitambaa cha miwani, akaiweka mezani. Hakusema neno.

Tulianza na duka moja la mjini. Mwenye duka aliigeuzageuza kamera kana kwamba ameokota kiatu kimoja. Ya zamani hii, alisema, watu hawazitaki tena, atatupa 120,000 na anatuhurumia. Mkisoma Mithali 20:14 mtamkuta mtu huyu. Ameandikwa pale tangu zamani, pamoja na jinsi anavyojisifu akishaondoka. Tukaifungasha tukarudi.

Ndipo akapatikana kijana wa hapa hapa, aliyetaka kuanza kazi ya harusi. Simu inatosha kwa mambo mengi, lakini maharusi bado wanapenda kumwona mtu mwenye kamera kubwa na flashi mbele ya madhabahu. Mama yake ni mjane, tupo naye katika umoja wa wanawake kanisani, na huuza vitumbua asubuhi. Tulielewana 450,000 kwa vyote: kamera, lenzi, flashi, stendi, betri mbili na chaja. Fedha ingetoka katika hisa za mama yake kwenye VICOBA.

Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhiana tulikaa kuvisafisha vifaa. Muuguzi ana tochi ndogo ya kalamu, ile ya kumulikia macho ya wagonjwa. Tulimulika ndani ya lenzi kutafuta vumbi, tukaona nyuzi nyembamba nyeupe, kama utando wa buibui, zimetambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati. Wauguzi hatuhitaji kuambiwa hilo ni nini. Ni fangasi. Huota kwenye kioo kama vinavyoota penginepo, palipo na unyevu, giza na hewa isiyotembea. Baba watoto akakumbuka: masika mawili nyuma alinyeshewa juu ya bodaboda akitoka sendofu, akaliweka begi kabatini likiwa na majimaji, na kwa kuwa kazi zilikuwa chache hakulifungua kwa miezi.

Jambo lenyewe lina ugumu wake. Fangasi kidogo hauonekani kwenye picha. Tulipiga picha tatu usiku ule, za sufuria, za kalenda, za mtoto wa mwisho aliyelala, zote zikatoka safi. Lakini hauachi kukua wenyewe ukiachiwa unyevu. Fundi akitaka kuusafisha sharti aifungue lenzi yote, na ukishakula ule utando mwembamba wa rangi juu ya kioo, alama haitoki. Ikipigwa kuelekea jua, picha hupauka.

Wenzetu, tuseme ukweli. Aliyesema tunyamaze hakuwa baba watoto. Alikuwa yule anayeshika daftari la sadaka kila Jumapili, anayefundisha akina mama vijana usafi wa chupa na vikombe, anayeandika haya. Ada ilitakiwa baada ya siku tisa. Picha zinatoka safi, tukasema, na kijana hakuuliza. Kitu cha mtumba ni cha mtumba.

Baba watoto akajibu taratibu, "Mama, wewe kila siku unawasema wanunuzi wa dhahabu wanaochezea mizani. Hii yetu ni nini?"

Mtu wa Saza akiambiwa hivyo anaumia. Kabla serikali haijafungua masoko ya madini mwaka 2019, la Chunya likiwa mojawapo, mchimbaji wa huku aliuza kwa yeyote mwenye mizani mfukoni, na waliolia kwa kupunjwa tuliwasikia hata zahanati, wakija na shinikizo la damu. Tulikuwa tumeyalaani mambo hayo kwa sauti kubwa, tena mbele ya watoto. Hata hivyo hatukukubali usiku ule. Tulilala mzungu wa nne.

Asubuhi kijana alikuja na mama yake, fedha zimefungwa katika ncha ya khanga. Baba watoto hakuzipokea. Akampa kijana tochi, akamwonyesha namna ya kuifungua lenzi hadi mwisho na kuiangalia kwa ubavu, si moja kwa moja. Akamweleza masika, begi, kila kitu. Mama mtu akatutazama sisi, si lenzi. Kijana akarudisha tochi. "Asante, baba. Ngoja tukashauriane." Wakaondoka na fedha zao.

Siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya tano. Ndani ya nyumba tulisalimiana kama wapangaji. Mmoja wetu alihesabu siku kwa sauti, makusudi, ili mwingine asikie. Binti aliacha kuuliza, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Siku ya saba kijana akarudi peke yake. Alikuwa amefika Mbeya, akapata lenzi ya aina ile ile, iliyotumika, kwa 80,000, na alikuwa ameimulika kwa tochi kabla ya kulipa. Akataka vile vingine vyote bila lenzi yetu, kwa 300,000. Baba watoto akasema ndiyo kabla hatujakohoa. Tukakopa 50,000 kwenye kikundi, ada ikatimia siku mbili kabla ya mwisho.

Jambo moja tungependa mlishike, ninyi mnaotaka kuuza kamera au simu ya zamani. Toeni memori kadi. Msidhani kufuta kunatosha. Picha zilizofutwa kwa kawaida hubaki ndani, na mwenye programu anaweza kuzirudisha. Sisi hatukuuza hata kadi moja. Tulizifungua zote kwenye kompyuta ya mwalimu jirani, tukakaa hadi saa sita za usiku. Mlikuwa na watoto wachanga wakiogeshwa, maharusi ambao hawako pamoja tena, wachimbaji ambao majina yao hatukuwahi kuyajua. Mlikuwa na mama mmoja, amesimama na kikapu cha mahindi siku ya sikukuu ya mavuno, anacheka, ana mimba ya miezi minane. Muuguzi alikuwa zamu usiku alipotoka damu, na alikuwa ndani ya gari la kumkimbiza hospitali. Hakufika. Watoto wake wawili hawakuwa na picha yake hata moja. Tulisafisha nakala mbili kubwa, kila mmoja yake. Yule mdogo hakumfahamu kabisa; ilibidi dada yake amwonyeshe kwa kidole.

Lenzi ile bado tunayo. Tumeiweka kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuwa ndani ya makopo ya vidonge. Zamani tulikuwa tunavitupa kwa makumi kila mwezi, na kamera inaoza kabatini nyumba ya tatu kutoka zahanati! Baba watoto anasema ipo siku atampelekea fundi. Hatumbishii.

Asubuhi ya binti kuondoka, na sanduku lake la bati liko nje likingoja basi, kijana alikuja na kamera shingoni. Baba watoto akaanza: geuka, jua liko nyuma yao, flashi piga hata mchana, usiwakate miguu. Kijana akavumilia, mwishowe akasema kwa adabu, "Baba, naomba na wewe usimame pale, karibu na mama."

Tulitazamana. Katika miaka 23 tulikuwa na picha za harusi yetu, alizopiga mtu mwingine, na baada ya hapo karibu hakuna picha tuliyomo sote wawili, kwa kuwa siku zote mmoja alikuwa nyuma ya kamera. Baba watoto akavuta shati lake, akaja, akasimama. Katika picha hiyo binti anacheka, mama yake amefumba macho, na baba hatazami mbele. Anatazama vidole vya kijana, kama amevishika kamera inavyopaswa.

Bei ya kijana ilikuwa shilingi 2,000. Tukamlipa, tukaomba nakala mbili.