Fainali Tatu Alizoshindwa

Habari za Michael Chang nilizisikia redioni mwaka 1989, nikiwa kidato cha pili. Mmarekani huyo wa miaka 17, mwenye asili ya Kichina, alikutana huko Paris na Ivan Lendl, mchezaji tenisi namba moja duniani. Akapoteza seti mbili za kwanza. Katika seti ya tano misuli ya miguu ilimkaza, akaanza kumwendea mwamuzi ili ajitoe, kisha akarudi uwanjani. Akaanzisha mpira kwa kuupiga kutoka chini, kama wanavyocheza watoto, na akashinda. Siku chache baadaye alimshinda Stefan Edberg kwenye fainali, na mbele ya umati akamshukuru Bwana Yesu.

Kwa miaka mingi niliwasimulia vijana wa kanisa habari hiyo. Funzo langu lilikuwa moja: amini, utashinda.

Kisha mke wangu akaugua. Tuliomba, akapona, nami nikasimama kanisani kushuhudia. Baada ya miaka mitatu ugonjwa ulirudi. Tuliomba tena, watu wale wale, kwa kufunga kule kule. Tukamzika mwezi wa Agosti. Tangu hapo, kila ulipofika wakati wa shuhuda, nilitoka nje kama mtu aliyepigiwa simu.

Siku moja kijana aliniuliza, "Mwalimu, yule Chang aliishia wapi?" Niliona aibu, maana sikujua. Nilipotafuta, nikakuta alicheza hadi mwaka 2003. Alifika fainali nyingine tatu kubwa: Paris 1995, Melbourne na New York 1996. Zote alishindwa. Taji kubwa la ujana wake likabaki moja tu. Hata hivyo hakumwacha Bwana aliyemshukuru siku ile ya ushindi.

Nilikaa na jambo hilo usiku kucha. Mtume Paulo naye aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, na haukuondolewa. Nami vijana nilikuwa nimewapa nusu ya habari.

Jumapili iliyofuata sikutoka nje. Nilisimulia yote mawili, mwaka aliopona na mwaka tuliomzika. Sauti ilinikatika katikati. Mlangoni, mama mmoja aliyefiwa na mwanawe alinishika mkono kwa muda mrefu, bila kusema neno.

Ndugu yangu, kama ushuhuda wako uliishia kaburini, ulete nao. Mungu aliyekuwapo siku ya kupona alikuwapo na siku ile.