Kuzima taa si kuzima stima

Msimu wa bonasi ya majani chai ukifika, Litein hubadilika. Mabati yanapakiwa juu ya Probox, sofa zinafungwa kamba kwa bodaboda kama mbuzi, na hadweya zote zina foleni. Miaka ya karibuni nimeona kitu kingine kwenye hizo foleni: swichi. Si zile nyeupe za plastiki tulizokua nazo. Ni za kioo cheusi, unagusa tu na kidole taa inawaka, na pembeni kuna kataa kadogo ka buluu. Mtu amechuma majani mwaka mzima, amelipwa, ameweka siling ya jipsam, sasa anataka ukuta nao ufanane na siling.

Sina shida na hilo. Nyumba yako, doo yako. Shida ni inboksi yangu. "Buda, tutolee video ya kubadilisha swichi, dakika moja tu." Nimeombwa mara nyingi mpaka nimeamua kujibu kwa maandishi, kwa sababu video ya dakika moja ndicho kitu sitaki kutoa.

Kazi yenyewe ni rahisi, na hapo ndipo noma iko. Skurubu mbili za mbele, waya mbili za nyuma, unatoa ya zamani unaweka mpya. Mtoto wa darasa la sita anaweza. Mimi si fundi. Chuo niliacha mwaka wa pili, na hata huko sikuwa nasoma mambo ya stima, na bado ningeweza kukuonyesha. Lakini video ingekuonyesha mikono yangu tu. Haingekuonyesha nyumba yako imefungwa waya vipi.

Kwanza tuelewane swichi inafanya nini. Stima inakuja na waya moja, mafundi wanaiita laivu, inapita kwa balbu, inarudi na nyingine, nyutro. Swichi inakaa njiani kukata na kuunganisha, basi. Ule mlio wa "tak" ukibonyeza ni springi inayorusha kipande cha chuma kutoka mahali pake. Springi haikuwekwa kwa urembo. Stima ikikatwa polepole inatoa cheche inayokula chuma, ndio maana Mwingereza mmoja wa Newcastle, John Henry Holmes, alitengeneza swichi inayokata kwa ghafla mwaka wa 1884. Mpaka leo kila usiku unabonyeza wazo la huyo mzee.

Kwa hivyo swichi ikianza kuwa legevu, ikikwama katikati, au ikitoa sauti kama mafuta yanakaanga kitu, imechoka. Kuna watu hufungua, wakapiga msasa vile vyuma vya ndani, wakarudisha. Sioni maana. Swichi ya kawaida nilinunua juzi hapa stejini kwa shilingi 150. Hiyo ni chapati na madondo. Nunua mpya.

Ukiona alama ya kahawia kwenye plastiki, ama ukuta wa hapo una joto, ama kuna harufu kama ya omena na hakuna mtu anapika omena, hiyo si ya kungoja wikendi. Mara nyingi swichi yenyewe haina makosa. Ni skurubu ya nyuma haikukazwa, waya ikawa inacheza, na waya inayocheza hupata moto. Sasa fikiria mtu anaona hiyo alama anasema "ah, swichi imezeeka", ananunua ile ya kioo ya bei, anaifunga na mkono uleule usiokaza skurubu. Itaungua tu, lakini kwa bei ya juu.

Sasa swali ambalo hakuna mtu ameniuliza hata siku moja: swichi yako inakata waya gani?

Inafaa ikate laivu. Hivyo ukizima, kule juu kwa holda hakufiki kitu. Lakini swichi ikifungwa kwenye nyutro, taa bado itawaka ukiwasha na itazima ukizima. Utaishi miaka kumi bila kujua. Tofauti ni kwamba taa ikiwa imezima, laivu iko palepale kwa holda, inangoja mtu.

Kwa Kogo wangu, upande wa barabara ya Kapkatet, stima iliingia na Last Mile, ule mradi ulioanza 2015, bei ya kuunganishwa ikashuka kutoka shilingi 35,000 mpaka 15,000. Nyumba nyingi za huko hazikuwa na waya ndani, kwa hivyo kuna watu waliwekewa redibodi: kibao kimoja ukutani chenye swichi, soketi na balbu. Kogo alikuwa mmoja wao. Kwa kibao kile hakukuwa na shida yoyote. Shida ilikuja baadaye, alipoongeza vyumba viwili, na kijana fulani akavuta waya kutoka kwa kibao mpaka huko. Taa ziliwaka. Watu walikunywa chai, kijana akalipwa, akaenda.

Halafu balbu ya chumba cha kulala ikaanza kung'aa usiku ikiwa imezimwa. Si sana. Mwanga kidogo tu, kama wa simu iliyofunikwa na shuka. Jirani akasema ni tokeni zinaliwa. Mwingine akasema mambo ambayo sitaandika hapa. Kogo mwenyewe alizoea, akasema angalau haoni giza akiamka usiku.

Kasini yangu, ako kidato cha pili, alitumwa abadilishe hiyo balbu. Alizima swichi. Narudia: alizima swichi, vile sote tumefundishwa. Akapanda stuli, akatoa balbu, kidole kikagusa pini za holda. Akarushwa. Alianguka akavunja mkono karibu na kiganja, na kila mtu aliyesikia alisema ana bahati kwa sababu aliachiliwa. Kuna watu stima haiwaachilii.

Fundi aliyeletwa baadaye alikuwa mzee mmoja mpole wa leseni. Alisalimia "Chamgei, Kogo", akakataa chai mpaka amalize, akatoa testa. Swichi imezimwa, testa kwa holda: inawaka. Akafungua kibokisi cha maungio, akabadilisha waya mbili mahali, akafunga. Hata nusu saa haikuisha. Usiku huo balbu haikung'aa tena. Kogo akauliza, "Kwa hivyo miaka hii yote nilikuwa nazima nini?" Mzee akamjibu, "Ulikuwa unazima mwanga, Kogo. Stima haukuwa unazima."

Niwe mkweli, si kila balbu inayong'aa usiku ni shida hii. Balbu za LED zinahitaji stima kidogo sana, kwa hivyo hata swichi yenye kale kataa ka buluu inaweza kupitisha kiasi cha kuifanya ing'ae, na waya ndefu zinazotembea pamoja pia zinaweza. Lakini kama yako inang'aa, usiulize jirani. Ita mtu mwenye testa.

Na testa nayo inataka akili. Ile ya bisibisi, yenye kataa ndani ya mpini, ijaribu kwanza mahali unajua kuna stima, ndio ujue haijakufa. Mchana wa jua kali unaweza kukosa kuona inawaka. Ikikuambia hakuna stima, iamini nusu.

Ukitaka kufungua swichi yoyote, zima meni swichi. Ya nyumba nzima. Na hapa lazima niseme kitu kuhusu sisi watu wa huku. Stima ikipotea, na hupotea, hasa mvua ikinyesha na mti uangukie laini, mtu anasema, "Afadhali, wacha nitengeneze ile swichi sasa." Anachukua bisibisi na tochi ya simu, meni swichi haijaguswa. Wasee, stima ikirudi haipigi hodi. Ni hivyohivyo na tokeni zikiisha: wewe uko na waya mkononi, sista yako ako sebuleni anaingiza namba ishirini za tokeni kwa mita.

Turudi kwa zile za kioo, kwa sababu najua ndizo mnataka. Swichi ya kugusa au ya kuongoza na simu ni kakompyuta kadogo, na lazima iwe na stima yake muda wote hata taa ikiwa imezimwa. Nyingi zinataka nyutro iletwe mpaka kwa swichi. Nyumba zetu nyingi hazina nyutro hapo. Ziko na laivu inayoingia na laivu inayoenda kwa balbu tu. Na hapa kuna mtego. Mafundi wengi hutumia waya ya nyekundu na nyeusi, na kwa rangi hizo za zamani nyeusi ni nyutro. Lakini ile nyeusi unayoikuta nyuma ya swichi mara nyingi si nyutro. Ni ile inayopeleka stima kwa balbu. Video kutoka nchi nyingine inakuambia "nyutro ni buluu", ukutani kwako hakuna buluu, unachukua nyeusi unaipachika. Vizuri ukibahatika, itakataa kufanya kazi.

Kuna aina zisizohitaji nyutro. Hizo hupitisha stima kidogo kupitia balbu ili zibaki macho, ndio maana balbu ndogo ya LED inaanza kumetameta kama klabu. Huwa zinakuja na kidude cha kufunga kwa holda kuzuia hilo. Watu hukitupa na katoni.

Kuhusu fundi: EPRA ndio hutoa leseni za mafundi wa stima hapa Kenya, kwa madaraja, C-2 ikiwa ya chini na A-1 ya juu. Kumwomba mtu akuonyeshe leseni si madharau. Unaangalia tarehe ya kuisha mpaka kwa maziwa ya pakiti. Akikasirika, hapo pia umejifunza kitu.

Najua wengi mnaosoma hii hamna nyumba. Mko rentali, bedsita, hosteli. Huko mambo ni tofauti, kwa sababu ukuta si wako lakini kidole kinachobonyeza ni chako. Kwenye ploti ninayokaa, swichi ya jikoni ya jirani yangu ilikuwa inatoa ule mlio wa mafuta. Alimwambia keyateka kwa mdomo mara tatu. Jibu lilikuwa lilelile: "Nitaambia mwenye nyumba." Jirani akaanza kuizima na mpini wa mwiko. Mpini wa mwiko!

Tulichofanya ni hiki. Tulipiga picha ya ile alama ya kahawia, tukarekodi sauti sekunde kumi, tukatuma kwa grupu ya WhatsApp ya ploti yote, mwenye nyumba akiwa ndani, na maneno machache: swichi ya namba saba inaungua, tunaomba fundi mwenye leseni leo, kabla watu walale. Hakukuwa na matusi hata moja. Wapangaji wengine wakaanza kutuma zao. Kumbe namba tatu soketi ilikuwa imeyeyuka. Kumbe namba kumi na moja swichi ya shawa ya moto ilikuwa inachoma kidole, na wamekuwa wakioga na maji baridi, na mnajua baridi ya huku.

Tulituma saa tatu asubuhi. Saa kumi fundi alikuwa kwenye geti anauliza meni swichi iko wapi.