Sanduku letu lina kufuli tatu



Wengi wenu mnanijua. Mimi ndiye sekretere wa kundi letu la akiba, yule mwenye kukaa karibu na dirisha na mashini juu ya meza ndogo. Macho yangu yalizimika miaka sita iliyopita kwa ajili ya presha ya macho, ugonjwa ule unaokula macho polepole bila kuuma, na kile ulichokwisha kupoteza hakirudi tena. Nilipoona giza limefunga kabisa, nilileta kaye na biki katika mkutano, nikasema: chagueni mwingine. Wamama wakakataa. Prezidanti wetu akaniambia, "Mama, macho ndiyo yamekwenda. Hesabu bado iko kichwani."

Leo ninataka kuwaeleza namna nilivyokaribia kuliharibu kundi lile lililonishika mkono.

Kwanza niseme mashini ya kipofu inafanya kazi namna gani, kwa maana kila wiki mtu ananiuliza. Mashini yangu ni ya kawaida, ya okazio, kaka yangu aliinunua mjini. Kitu kilichoongezwa ndani ni programu inayosoma kwa sauti kila kilicho kwenye kioo. Inaitwa NVDA. Kijana mmoja kipofu wa Australia, Michael Curran, alianza kuitengeneza mwaka 2006, na mwenzake James Teh, kipofu vilevile, akaja kumsaidia. Walifanya hivyo kwa sababu programu za namna ile ziliuzwa bei kali sana kwa watu wasio na kazi. Yao inatolewa bure hadi leo.

Mimi situmii panya. Ninatumia butoni tu. Chini ya herufi F na J kuna vialama vidogo vilivyoinuka. Shika klavie yoyote, utavisikia kwa ncha ya kidole. Hapo ndipo vidole vyangu vinaanzia njia. Nikibonyeza, sauti inasema herufi. Nikishuka mstari, inasoma mstari. Inajua Kifaransa na Kiswahili pia, ila Kiswahili chake ni cha mtu aliyezibwa pua. Nikisahau kubadilisha sauti, Kifaransa kinaanza kusoma majina yenu, basi ninacheka peke yangu mpaka watoto wanakuja kuangalia kuna nini.

Kwa njia hiyo nimeandika hesabu za kundi miaka minne: nani ameweka sehemu ngapi, nani amekopa, nani amelipa, nani amechelewa.

Mwaka jana, mwezi wa tano, nilifungua mashini jioni ikanikatalia. Niliandika neno la siri, ikasema si lenyewe. Nikarudia mara tano. Mahali pa neno la siri sauti haitaji herufi, inasema tu "nyota, nyota, nyota," ili mwenye kukaa karibu asisikie. Ni jambo jema, lakini siku ile lilinifunga mimi mwenyewe, kwa maana sikuweza kusikia kosa langu liko wapi.

Nikaita kijana wa jirani anayejua mashini. Nilimtajia neno la siri kwa sauti, mlango wazi, mashemeji wawili wamekaa hapo wakila. Akaangalia, akacheka, akasema, "Mama, klavie imegeuka ya Kiingereza. Ukibonyeza A, inaandika Q." Kumbe nilikuwa nimegusa butoni mbili pamoja bila kujua, na mpangilio wa herufi ukabadilika. Akarekebisha kwa dakika moja. Nilimpa pesa ya soda, akaenda.

Wiki mbili baadaye mama mmoja wa kundi alikuja kwangu asubuhi na mapema. Sikuona uso wake, lakini nilisikia pumzi yake. Alikuwa amekopa dola 150 kwa biashara ya vitenge, mali ikakwama njiani, akachelewa kulipa. Komite ilikuwa imempa muda, na tulikubaliana lisitoke nje ya komite. Sasa mama mkwe wake alikuwa amelisikia sokoni, na jumla yenyewe, dola 150, bila kukosea hata moja. Nyumbani kwake kulikuwa kumewaka moto.

Aliniuliza swali moja tu: "Mama sekretere, nani mwingine anajua?"

Mimi sikutafuta mbali. Nilisema moyoni: ni yule kijana, yeye ana neno langu la siri. Jioni ile nilikwenda kwao na mtoto wangu wa kike akiniongoza, nikamshitaki mbele ya mama yake. Kijana hakupiga kelele. Alisema, "Mama, mimi sikufungua kitu. Nilirekebisha klavie nikatoka." Mama yake akanyamaza. Sisi wanawake tunajua kimya cha namna ile kinasema nini.

Siku tatu baadaye nilikuwa ninapanga hesabu za mkutano. Mtoto wangu aliingia na bidoni ya maji, akaiweka chini, akasema, "Maman, tangu kwenye bomba ninasikia mashini yako. Inataja majina ya wamama na pesa zao."

Nikatoa mikono juu ya klavie.

Bomba la avenyu yetu liko hatua kumi kutoka dirisha langu. Jioni, kila mtu wa pale anangoja zamu na bidoni yake. Vijana vipofu waliozoea wanaweka sauti ikimbie mbio sana, hata wewe mwenye macho utasikia makelele tu. Mimi nilijifunza nikiwa mtu mzima, kwa hiyo sauti yangu inakwenda polepole, neno kwa neno, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Jina la yule mama, mkopo, dola 150, amechelewa. Jioni nyingi nimekuwa ninaisomea avenyu nzima siri za kundi, dirisha wazi kwa ajili ya joto. Mdomo uliotoa siri ulikuwa wa mashini yangu, na mimi ndiye niliyeufungua.

Nilirudi kwa yule kijana. Nilimwomba msamaha mbele ya mama yake, kwa sababu mbele ya mama yake ndipo nilipomshitaki. Kisha nilikwenda kwa mama wa vitenge nikamwambia ukweli wote. Hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizotembea tangu nipoteze macho. Alikaa kimya, halafu akasema, "Ungetafuta mwingine wa kulaumu, ningeamini. Basi, funga mdomo wa mashini yako." Deni amelimaliza mwezi wa tisa. Maneno ya mama mkwe yalichukua muda zaidi.

Katika mkutano uliofuata nililiweka jambo mezani. Mmoja akasema turudi kwenye kaye. Wengine wakanyamaza. Ndipo kesye wetu akagonga sanduku la akiba kwa mkono. Mnalijua sanduku letu: lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wamama watatu tofauti. Akasema, "Hakuna siku tumemwambia mwenye ufunguo kwamba hatuamini. Kufuli ni kwa ajili ya kulinda urafiki. Mbona mashini yenye habari zetu zote haina hata moja?"

Tangu siku ile tuliweka kufuli tatu za mashini. Ninaziandika hapa, kwa maana katika makundi yetu kuna wamama vipofu wengine, na kuna wamama wenye watoto vipofu watakaotumia mashini kesho.

Kufuli ya kwanza ni ya sauti. Ninavaa vile vya kusikilizia vya masikio, ekuteri, kila mara ninapofungua jambo la mtu. Ninavaa sikio moja tu. Sikio lingine ninaliachia nyumba, nisikie mtoto akilia, sombe ikichemka juu ya mbabula, au mtu akiingia. Mtu akianza kusema nami, ninabonyeza butoni ya Control, sauti inanyamaza mara moja.

Kufuli ya pili ni ya kioo, na hii sikuifikiria mimi, ni mtoto wangu tena. Nilipoanza kuvaa ekuteri nilijiona nimemaliza. Akaniambia, "Lakini maman, kioo kinawaka. Kila mgeni anayekaa nyuma yako anasoma." Wamama, mimi nilikuwa nimesahau kabisa kama mashini ina uso. Kwangu mimi ni sauti tu. Nikajifunza kwamba ndani ya NVDA, katika mipangilio yake, kuna pazia la kioo: ukiliweka, kioo kinakuwa cheusi kabisa na sauti inaendelea kama kawaida. Sasa wageni wanafikiri ninagonga mashini iliyozimika, na wengine wanananihurumia. Mimi ninaendelea na hesabu. Nikisimama hata kidogo, ninabonyeza butoni ya Windows pamoja na L, mashini inajifunga mpaka niandike neno la siri.

Kufuli ya tatu ni neno la siri lenyewe. Nilibadilisha lile la zamani, ijapokuwa kijana hakuwa na kosa. Neno likishatajwa mbele ya watu si la siri tena, hata kama wote ni watu wema. Jipya ni maneno manne yasiyo na undugu, marefu, yanayokaa kichwani kama wimbo. Sikuweka tarakimu, kwa maana kwenye klavie yetu ya Kifaransa tarakimu za juu zinataka kushika Maj, na mtu asiyeona anapotea hapo haraka. Mashini ikinikatalia, sasa sikimbilii kumwita mtu. Ninabonyeza Windows na butoni ndefu ya nafasi ili kubadilisha mpangilio wa klavie, kisha ninajaribu tena.

Lakini je, nikiugua? Nikifa? Habari za kundi si zangu peke yangu. Kwa hiyo neno la siri liliandikwa katika bahasha, likafungwa kwa gundi, wamama watatu wakatia sahihi juu ya mfungo, na bahasha iko ndani ya sanduku lenye kufuli tatu. Pamoja nayo iko kle ya USB yenye nakala ya hesabu, ninayoibadilisha kila mkutano. Mashini inaweza kuibiwa au kumwagikiwa chai. Hesabu zitabaki.

Nimalizie kwa ninyi mnaoona, kwa maana sehemu kubwa ya usalama wa kipofu iko mikononi mwenu.

Ukija karibu na mtu asiyeona anayefanya kazi, sema: "Mama, ni mimi, niko nyuma yako." Kukaa kimya na kusoma ni kama kuchungulia mlangoni. Ukimsaidia, mwache yeye mwenyewe aguse klavie. Mwambie panapotakiwa kubonyezwa, usimnyang'anye. Kama mashini haisemi, usiichukue moja kwa moja kwa fundi. Mashini zenye Windows 10 au 11 zina msomaji wake ndani: bonyeza Windows, Control na Enter pamoja, itaanza kusema, na mwenyewe ataendelea. Ukiisha kutumia mashini yake, usiiache na sauti imezimwa. Kwako ni kitu kidogo. Kwake ni kama kutoka nyumbani na kumfungia mlango kwa nje.

Na zaidi ya yote, usimwombe neno la siri, wala kode ya pesa za simu, eti "nikuandikie upesi." Najua ni huruma. Mara nyingi mimi mwenyewe nilikubali, kwa maana mtu anayesaidiwa kila siku anaona haya kukataa. Anayesaidiwa kuvuka barabara, kuchagua nyanya, kusoma barua, anafika mahali anafikiri hana haki tena ya kuwa na siri. Anayo. Mwambie, "Andika mwenyewe, ninageuza uso." Maneno hayo matatu au manne yananipa heshima kuliko kubebewa mzigo.

Mtoto wako kipofu akianza shule, mfundishe mapema: kuna mambo ya kuomba msaada, na kuna ufunguo usiompa mtu. Mimi nililijifunza nikiwa nimechelewa, na mama wa vitenge ndiye aliyelipa.

Mkutano ni Jumamosi, saa nane. Nitakuwa karibu na dirisha kama kawaida, ekuteri sikioni, kioo cheusi. Ukifika, niambie jina lako.