Kabla hujatupa kadi ya kwanza, tulia

Wengi wetu tumelelewa na kadi za haraka. Ile poka yetu ya mtaani: unatupa, mwenzako anatupa, ukibaki na moja unasema "niko kadi", imeisha. Ndio maana nikiwaambia wasee nacheza briji, wananiuliza kama nishakuwa mzee. Mimi naona ndio mchezo unaotufaa sisi zaidi, juu haupendi pupa.

Kwa ufupi: watu 4, timu 2, kila mtu kadi 13, kwa hivyo raundi 13. Kwanza mnanadi, yaani mnaahidi mtashinda raundi ngapi. Ukiahidi 12, hiyo inaitwa slemu. Bonasi yake ni kubwa, lakini ukipoteza raundi 2 tu, ahadi imevunjika. Mwenzako anaweka kadi zake wazi mezani, ananyamaza, na wewe unamchezea.

Juzi nikapata slemu, turufu ikiwa shupaza. Mkononi nina shupaza 6 za juu kabisa, A na 4 za kopa, A na Q za uru (kile kito chekundu), na maua 3 madogo. Mezani kuna shupaza 3 ndogo, K na 8 za kopa, uru 3 ndogo, na maua 5 yakiwemo A na K. Hesabu: shupaza 6, kopa 2, uru 1, maua 2. Jumla 11. Imebaki moja.

Jamaa wa kushoto akaanza na kopa. Nikatulia. Kelele ikaanza: "Cheza bana, si ni kopa tu!" Ni kweli, A inashinda na K pia inashinda. Kwani nafikiria nini?

Nafikiria ile raundi ya 12 itatoka wapi. Njia ya kwanza ni uru: nitoe ndogo mezani, niweke Q, nikiomba K iwe kwa jamaa wa kulia. Hiyo ni asilimia 50. Ikikataa nimeenda, juu bado kuna ua moja la kupoteza. Njia ya pili ni maua. Wapinzani wanayo 5. Yakigawanyika 3 kwa 2, na hiyo hutokea karibu asilimia 68, nacheza A, K, nawaachia la tatu, na yale 2 yaliyobaki mezani yanashinda. Q ya uru naitupa hapo.

Sasa skiza. Nikianza na maua, A na K zitanionyesha yamegawanyika aje kabla sijapoteza chochote. Yakikataa, bado niko mezani na uru iko pale pale. Jumla ni asilimia 84. Nikianza na uru ni 50. Kadi ni zile zile, tofauti ni mpangilio.

Lakini nikishawaachia ua la tatu, nitarudi mezani na nini? K ya kopa pekee. Kwa hivyo kopa ya kwanza nikaichukua na A. Ningetumia K, ningelazimika kuwaachia ua mapema, na jamaa wa kulia akirudisha uru, nabahatisha.

Nikamaliza turufu zao, nikaingia maua. 3 kwa 2. K ya uru ilikuwa kwa jamaa wa kushoto, ikiningoja tu.

Mpango huo ungekataa mara 16 kwa 100, na bado ungekuwa ndio sahihi. Huwezi kuchagua kadi, lakini unaweza kuchagua kipi kitangulia. Unataka kujua kama biashara yako itashika? Usianze kwa kuacha kazi. Uza wikendi kwanza. Ikikataa, Jumatatu kazi bado iko. Anza na njia ambayo ikifeli inakuachia nyingine.

Na wale wa "cheza bana"? Waache wangoje. Ahadi si yao.