Picha ya Gunia na Udongo

Hapa Juru, katika makazi ya Nakivale, wengi waniuliza kwa nini sichori kwa rangi za madukani Mbarara. Bei yake ni kubwa kweli, lakini hiyo si sababu yangu ya kwanza.

Mimi nachora nyumba zetu wakimbizi. Nyumba hizo zimekandikwa kwa udongo. Basi nami huanza na udongo. Kwanza hutandaza gunia la chakula cha msaada juu ya ubao, nikalipaka gundi ya unga wa muhogo. Kisha hukanda udongo mwekundu pamoja na nyasi kavu zilizokatwakatwa, kama wafanyavyo mama zetu, maana udongo mtupu ukikauka hunywea na kupasuka. Hupaka tabaka jembamba. Likikauka ndipo niongezapo jingine. Nyeusi yangu ni mkaa, kijivu ni majivu.

Wako wasemao kwamba hizo ni takataka. Lakini Bwana Sanaa Gateja, msanii wa Uganda, husokota karatasi chakavu zikawa shanga, akazishona juu ya nguo ya magome ya mti; na mwaka 2022 kazi yake ilionyeshwa Pittsburgh, Marekani. Huko Rwanda nako, picha za imigongo hufinyangwa kwa samadi ya ng'ombe na majivu.

Gunia lile lilileta posho yetu, na maandishi yake bado yaonekana pembeni mwa picha. Siyafuniki. Mtu wa mbali akiyatazama atajua tulikula nini na tulilala wapi. Rangi ya kopo haiwezi kumwambia hayo.

Ndugu zangu mpendao kuchora, kabla ya kwenda dukani tazameni kwanza chini ya miguu yenu.